Propela Tuliyoichagulia Kwenye Pipa

Kwa miaka mingi niliishi kwa kuisingizia hewa.

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza mashini ndogo ndogo Kibera, upande ule unaopakana na mtaa wa Ayany. Vinyozi waliniletea jenereta zao, wakulima wa Silanga wakaniletea pampu za kumwagilia sukuma wiki, akina mama wakaja na mashini za kusaga njugu. Nilikuwa fundi wa kadiri. Sikuwa mbaya, ila sikuwa mzuri kiasi nilichojitangazia. Mashini ikinirudia mara ya pili na ya tatu, nami nimeshindwa kuuona ugonjwa wake, nilipangusa mikono kwa tambara, nikatazama juu kwenye mabati kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko, kisha nikamwambia mwenyewe: "Mama, mashini yako haina shida. Ni hewa. Nairobi iko juu sana. Hewa ya huku ni nyepesi, injini haishibi."

Maneno hayo yalikuwa na uzuri wake. Hakuna mteja aliyeweza kwenda kuishtaki hewa. Isitoshe, yalikuwa na kweli ndani yake. Nilifika kidato cha nne, na mwalimu wetu wa fizikia alituchorea mlima ubaoni, akatuonyesha jinsi hewa inavyopungua kadiri unavyopanda. Injini hula mafuta pamoja na hewa. Hewa ikipungua, nguvu nazo hupungua. Hilo sikulitunga. Lakini jenereta ya kinyozi haikuletwa jana kutoka Mombasa. Ilizaliwa Kibera, kwa maana ya kazi, na ilipokuwa mpya iliwasha taa na kunyoa vichwa katika hewa hiyohiyo. Kilichoiangusha ni uchafu kwenye kabureta, nami nilikuwa mvivu wa kuifungua kabureta.

Watu husema uongo ukirudiwa sana huaminika. Mimi ulinifanya kinyume. Niliurudia hadi nikaacha kuamini hata ile kweli iliyokuwa ndani yake. Ikafika mahali, mtu akitaja milima na injini mbele yangu, nilijua moyoni kwamba huyo naye ana kabureta chafu anayoificha. Na Kibera nzima ilinijua. Kijana wa kuuza maji alinipitia asubuhi moja akisukuma mkokoteni wake. "Mzee, mke wangu ameunguza ugali. Ama ni hewa?" Nilimwambia aende zake. Benchi langu la wateja lilicheka hadi saa ya chai.

Hapo ndipo binti yangu anapoingia.

Huyu alilelewa na bibi yake kule ziwani kwetu, na wajomba zake walikuwa watu wa boti, wakipeleka mchanga na abiria visiwani. Akajifunza kuendesha kabla ya kujifunza kusonga ugali, jambo ambalo bibi yake alililalamikia mpaka anaingia kaburini. Baadaye aliolewa, ndoa ikamtupa, akaja Nairobi na watoto. Huku hakuna wa kumwambia endesha boti. Kila asubuhi aliketi nje ya mageti ya Ayany na wanawake wengine, akingoja dirisha lifunguke na mtu aseme, "Wewe, unajua kufua duveti?" Alifua duveti za watu hadi ngozi ya vidole ikawa kama ya samaki aliyelowekwa. Hakulalamika. Ila mara moja alinikuta nimeinamia pampu, akanyoosha mikono yake mbele yangu, akasema, "Baba, hii mikono inajua kazi nyingine."

Kwa hiyo kanisa letu lilipoamua kununua boti, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Sisi wengine tulikuwa na vyeo.

Kanisa letu lina matawi mawili. La Kibera limejaa watu wa ziwani, kama mimi. La Kawangware limejaa watu wa magharibi. Tunaimba nyimbo zilezile na tunamwomba Mungu mmoja, lakini tukishapeana amani tunahesabiana viti. Mwenyekiti akitoka Kibera, mweka hazina lazima atoke Kawangware. Tukinunua masufuria, makubwa yanalala Kibera na vifuniko vinalala Kawangware, ili upande mmoja usipike bila mwenzake kujua. Nimeona arusi ikichelewa kwa sababu ya vifuniko.

Wazo la boti lilitokana na ziara ya kanisa Naivasha. Tuliona wageni wakipandishwa kwenye boti kutazama viboko, na mwenyekiti wetu akasema kwamba watu waliozaliwa kando ya maji hawawezi kulipia kupanda maji. Alimtafuta mzee mmoja mwenye gati. Mzee huyo alikuwa na nafasi ya boti moja zaidi, na sharti lake lilikuwa rahisi: mje na boti yenu, muijaze watu, mwende hadi kisiwani na kurudi kabla upepo wa mchana haujaamka. Mkiweza, nafasi ni yenu. Mkishindwa, karibuni tena kama wageni.

Nahodha akawa binti yangu. Hakuna aliyepinga, maana hakuna mwingine aliyejua. Boti tuliipata hukohuko Naivasha. Injini aliitoa mwenyekiti kwao ziwani, mashini nzuri ya kufunga nyuma ya boti. Hapo Kawangware wakaamka.

"Injini ni ya Kibera," alisema mwenye bucha, mtu mnene wa sauti ndogo ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao. "Nahodha ni wa Kibera. Mwenyekiti ni wa Kibera. Sisi tumebaki na nini? Kusukuma?"

Ikabidi kigawanywe kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa propela. Wasomaji wa habari redioni huiita rafadha. Sisi tunaiita propela, ile pangaboi inayozunguka chini ya maji na kuisukuma boti. Ikaundwa kamati ya ufundi ya kuichagua: mimi kwa Kibera, kwa kuwa nilikuwa fundi, mwenye bucha kwa Kawangware, kwa kuwa alilalamika, na mwalimu wa kwaya wa Kawangware, kwa kuwa alikuwa na sikio la kusikia sauti ya injini. Kibera wakaona sasa ni wawili kwa mmoja, wakaongeza mtu wao, akawa wa nne, ambaye hakuhudhuria hata mara moja na ndiye mwanakamati pekee ambaye hakuna anayemlaumu mpaka leo.

Tulikuwa na propela mbili. Ya kwanza ilikuja na injini. Ilikuwa ya chuma cha pua, inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake, na mabawa yake yalipinda vikali. Ya pili mwenye bucha aliipata kwa wauza vyuma chakavu wa Kawangware. Ilikuwa ya alumini, imechubuka, na mabawa yake yalilala kama masikio ya mbwa mpole.

"Hiyo ni ya kupulizia jiko," mwenyekiti alisema alipoiona.

"Na yenu ni ya kuonyesha wakwe," mwenye bucha akamjibu.

Tofauti yao haikuwa mng'aro. Kila propela ina nambari ya kile tunachokiita hatua: umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa ubao nayo ikawa skrubu. Ile ya kung'aa ilikuwa na hatua ndefu. Kule ziwani kwetu ni propela ya vijana wanaoshindana kuwahi soko, boti nyembamba, mtu mmoja na samaki wake. Ile ya chakavu ilikuwa na hatua fupi. Hatua ndefu huleta mbio kama injini ina nguvu ya kuizungusha. Kama haina, injini huvutana nayo, hutoa moshi mweusi na hufa mapema. Haya yote niliyajua. Ningeamshwa usingizini ningeyataja.

Binti yangu hakungoja kamati. Alikwenda Naivasha kuwasalimia wenye boti wa huko na kuwasaidia kazi, aijue njia ya kisiwani kabla ya siku ya jaribio. Aliporudi alinikuta kibandani na benchi limejaa: kinyozi, mama wa njugu, na kijana wa maji aliyekuja kupumzisha miguu.

"Baba, nimeona propela za kule," alisema. "Zote ni za hatua fupi. Kuna mama mmoja ana boti yake, nimemwambia tunakuja na ile ya kung'aa, akacheka. Anasema nyinyi watu wa ziwa la chini mnakujanga na propela za arusi, na mnarudi nazo."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Ile ziwa iko juu kuliko letu, baba. Iko juu hata kuliko hapa. Injini inafika imechoka. Ni hewa."

Benchi lilikufa kwa kicheko. Kinyozi alilazimika kumshikilia mama wa njugu asianguke.

"Mzee," kijana wa maji akasema, "huyu hata usimpime damu. Ni wako."

Binti yangu hakucheka. Alinitazama na kuendelea. "Fikiria wale wanaobeba makaa Silanga, baba. Akiteremka na gunia anatupa mguu mbali. Akipanda, anafupisha hatua. Hawezi kupanda na hatua ya mteremko, atapasuka. Propela ni hivyo tu."

Ulikuwa mfano mzuri kuliko wa mwalimu wangu wa fizikia. Nilipaswa kuukumbatia. Lakini nilichosikia ni kicheko cha benchi, na neno langu mwenyewe likitoka kinywani mwa mwanangu mbele ya wateja. Niliona ananidhihaki. Na kama hakuwa ananidhihaki, basi niliona ni mbaya zaidi: amejifunza kwangu kutafuta sababu za kushindwa.

"Nenda ukapumzike," nikamwambia. "Kamati itaamua."

Kamati ilikutana Kawangware, uani mwa kanisa, na kanisa lote likaja kutazama. Mwenyekiti alisema sisi si watu wa maneno, tutazipima propela kwa macho yetu. Likaletwa pipa la maji. Injini ikafungwa kwenye mbao imara juu ya pipa, mkia wake ukazama ndani. Mchungaji akaomba. Aliiombea injini, pipa, safari, viboko wa Naivasha wawe wapole, na kwa kuwa alikuwa wa Kawangware akaiombea kidogo zaidi propela ya Kawangware.

Tukaanza na ile ya chakavu. Nikawasha injini, nikaitia gia. Maji yakazunguka ndani ya pipa, yakanung'unika, yakamwagika kidogo ukingoni. Watu wakatazamana. Mwalimu wa kwaya akafumba macho asikilize.

"Hii ni sauti ya tatu," akasema.

Nikafunga ile ya kung'aa. Nilipoitia gia, pipa lilitapika. Maji yaliruka juu ya paa la jikoni, yakamlowesha mchungaji, yakaifuata safu ya akina mama wa kwaya hadi walipokimbilia, na mtoto mmoja akapiga vigelegele. Pipa likabaki nusu. Uwanja mzima ukasimama ukipiga makofi, Kibera na Kawangware pamoja, jambo ambalo sijaliona tena hata siku za Krismasi.

"Hiyo ndiyo propela," alisema mwenye bucha, akijipangusa uso. Alikuwa ameisaliti propela yake mwenyewe na hakuona haya.

Binti yangu akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamruhusu, kwa kuwa ni nahodha.

"Pipa si ziwa," alisema. "Hapa inarusha maji kwa sababu haina kazi. Haijabeba mtu. Kule tutakuwa na watu wamejaa, na hewa ya kule..."

Watu wa Kibera walianza kucheka kabla hajamaliza. Wa Kawangware wakawauliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakacheka. Mwenyekiti alinigeukia. "Mwenye hewa yako, tuambie. Kamati ya ufundi inasema nini?"

Ningesema neno moja tu: anasema kweli. Kamati ilikuwa mimi. Wenzangu walikuwa bucha na sikio. Lakini watu walikuwa wanacheka, na nilitaka wacheke upande wangu, angalau siku moja.

"Maji ni maji," nikasema. "Nimeshika injini za ziwani kabla huyu hajazaliwa. Na nahodha anayeilaumu hewa kabla hajapanda boti, huyo anajua atashindwa. Anajitengenezea mlango wa kutokea."

Walinipigia makofi. Binti yangu alikunja leso yake mara mbili, polepole, kama mtu anayekunja shuka ya mwenye nyumba, akakaa chini. Propela ya kung'aa ikapita bila kupingwa. Ile ya chakavu nikaiona ikichukuliwa na yeye, akaifunga ndani ya ile leso.

Siku ya jaribio tulifika Naivasha na umande. Hata viti vya boti tulikuwa tumevigawa: Kibera kushoto, Kawangware kulia. Mwenye bucha alipoketi, boti ililala kulia, ikabidi Kibera waongezewe mtu, na Kawangware wakadai wao pia waongezewe. Mwenye gati, mzee mkimya mwenye kofia ya sufu, alitazama haya yote. Mimi nilibaki gatini na mwenyekiti na mwalimu wa kwaya, kwa kuwa boti ilijaa viongozi.

Binti yangu akaitoa boti taratibu hadi maji ya kina, kisha akafungua gesi yote, yaani mafuta hadi mwisho.

Kwa wasiojua: boti nzuri ikishika kasi, huinua pua, halafu huilaza na kukaa juu ya maji, ikateleza. Yetu iliinua pua na ikabaki hivyo. Nyuma ilizama hadi maji yakalamba ukingo. Injini haikufika hata karibu na sauti yake. Ilikoroma kama mtu aliyefunikwa blanketi zito, na moshi mweusi ukatanda nyuma yake hadi ndege wakahama.

"Inafanya kazi kwa bidii," mwenyekiti akasema.

"Hiyo ni sauti ya chini kabisa," mwalimu wa kwaya akasema. "Chini ya besi."

Boti ya yule mama aliyemcheka binti yangu ikawapita, imejaa wageni, juu ya maji, kapropela kake hata hukaoni. Alipunga mkono. Binti yangu alijaribu tena mara kadhaa. Akawahamisha watu mbele, akawarudisha, akapunguza gesi na kuongeza. Hawakuwa wamefika nusu ya njia alipoona maji ya mbali yamebadilika rangi. Upepo ulikuwa unaamka mapema. Akageuza. Na hapo nilimwona akifanya jambo ambalo sikumfundisha mimi. Hakuja moja kwa moja. Alikuja kwa kukata pembeni, kila wimbi akilipokea kwa bega la boti, injini imechoka hivyo, na watu wazima wakilia kila mmoja kwa lugha ya kwao. Hakuna hata mmoja aliyelowa viatu.

Walipofunga kamba, mwenye gati alizungumza kwa mara ya kwanza. "Bado kuna nafasi kidogo. Kukiwa na propela fupi, funga sasa hivi mjaribu tena."

Binti yangu akafungua leso. Alikuwa ameificha chini ya mandazi ya safari. Akaiweka ile propela ya Kawangware juu ya mbao za gati, akachukua spana.

"Ngoja," mwenyekiti akasema. "Propela iliamuliwa na mkutano."

"Mwenyekiti, upepo," binti yangu akamwambia.

"Upepo hautatufanya tuvunje utaratibu. Kamati ya ufundi iko wapi?"

Nikasogea mbele. Viongozi walikuwa bado wanatetemeka, wamezungushiana leso. Binti yangu alikuwa amepiga goti, spana mkononi, ananitazama. Nilijua kinachotakiwa. Tangu boti ilipotoa moshi ule wa kwanza nilikuwa nimejua.

"Anasema kweli," nikasema. "Ibadilishwe. Ni hewa."

Kisha mtu wa Kibera akaguna puani, mwingine akashindwa kujizuia, na gati lote likaangua kicheko. Watu waliotoka kunusurika majini walicheka hadi wakashikana mabega.

"Mzee," mwalimu wa kwaya akasema, akipangusa machozi, "leo pia?"

"Sikilizeni. Safari hii ni kweli."

Hapo walicheka zaidi. Nikawaeleza habari za mwinuko, nguvu na hatua. Nikatumia mfano wa wabeba makaa. Kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo nilivyozidi kuwa kichekesho, kwa sababu hivyohivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza jenereta zao. Kinyozi wangu alikuwepo. Aliweza kumaliza sentensi zangu. Halafu mtu mmoja wa Kibera akaacha kucheka ghafla, akauliza mbona ninatetea propela ya Kawangware. Mwenye bucha akauliza ana maana gani. Mwenyekiti akasema hoja zipitie kwake. Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, ikarekebishwa. Ikapendekezwa propela ifungwe ya Kawangware, lakini nao Kibera wapewe kiti cha mweka hazina.

Walipokuwa bado kwenye mweka hazina, ziwa lilikuwa limejaa mapovu meupe. Mwenye gati akavua kofia, akaivaa tena. "Basi," akasema. "Karibuni tena kama wageni."

Binti yangu alirudisha spana mahali pake. Alikuwa anafunga ile propela ndani ya leso wakati mzee yule alipomwendea.

"Wewe ndiye uliyewarudisha hawa na ile takataka?"

"Ndiyo, mzee."

"Nina boti zangu mbili. Nahodha wa moja amehamia kwao. Propela nimechagua mwenyewe, hakuna mkutano."

Alinitazama. Nilidhani binti yangu ananiomba ruhusa, nikaanza kuandaa uso wa baba anayetoa ruhusa. Hakuwa ananiomba. Alikuwa ananipa ile leso na propela niirudishe Kawangware.

Binti yangu alibaki Naivasha, na watoto wake walimfuata shule zilipofungwa. Injini yetu iko Kibera chini ya turubai, na ile propela ya kung'aa imetundikwa kanisani, inagongwa badala ya kengele. Kwa kazi hiyo haina mfano. Propela ya chakavu inazuia mlango wa bucha Kawangware usijifunge. Kila mkutano mkuu huwa kuna hoja ya kuziunganisha injini na propela hiyo, na kila mara hukosekana mahali pa kukutania.

Binti yangu alikuwa akinipigia simu kuuliza mguu wangu unaouma, mvua, bei ya mafuta ya taa. Habari za injini hakuniuliza. Alikuwa anashinda juu ya injini kutwa, na baba yake ni fundi, na hakuniuliza hata habari za plagi. Sikumlaumu. Nani huenda kuuliza swali wakati jibu analijua tayari, na ni lilelile kwa kila swali?

Nikaanza kufungua kabureta. Ya kwanza ilikuwa ya kinyozi, ile jenereta niliyoizika kwa hewa mara nyingi. Ndani nilikuta uzi wa kitambaa. Niliutambua kwa rangi. Ulikuwa wa tambara langu. Nikamwita, nikamwonyesha, nikamwambia kosa ni langu toka mwanzo.

Alinionea huruma. "Mzee, usijishushe hivyo. Si ni hewa tu?"

Wateja wangu walipungua kidogo baada ya hapo. Mtu hapendi kuambiwa kwamba mashini yake ingepona zamani. Hewa ilikuwa haimkosei mtu.

Majuzi simu ililia nikiwa na pampu ya Silanga mapajani. Binti yangu. Nyuma yake nilisikia ndege wa majini.

"Baba, injini inakohoa. Nikiwa peke yangu iko sawa. Nikijaza wageni, inakata."

Neno lilipanda lenyewe hadi kwenye ulimi. Miaka mingi lilikuwa na njia yake, linaijua. Nikafunga mdomo mpaka likashuka.

"Moshi?" nikauliza.

"Hakuna."

"Plagi umetoa?"

"Nimetoa. Ni safi, ni kavu. Na propela ni ileile fupi, hajaibadilisha mtu."

Nilifikiri. Niliufikiria mwendo wote wa mafuta, toka tangi hadi ndani, na bado sikuona.

"Sijui," nikasema.

Nikadhani simu imekatika.

"Umesema?"

"Nimesema sijui. Chukua spana. Fungua mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye pampu, uniambie unaona nini. Tutashuka hivyo, kimoja kimoja."

"Itachukua muda, baba. Wageni wananingoja."

"Wapandishe boti nyingine. Mimi nipo."

Aliiweka simu mahali, juu ya kiti nadhani, bila kuikata. Mama wa njugu alikuwa kwenye benchi, akaniuliza kwa ishara ni nani. Nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Nilisikia maji yakipiga ubavu wa boti, kisha spana ikigusa chuma, ikiteleza, ikishika.